Siku nane za mafunzo ya kidijitali Lamu: tathmini ya mshiriki mwenye kasha la karatasi

Nilijiandikisha katika mafunzo haya nikiwa na haja moja iliyo wazi. Nyumbani kwetu, mtaa wa Langoni, pana kasha la mbao ambalo marehemu bibi yangu alilitunza chini ya kitanda chake hadi mwisho wa uhai wake, na ndani yake mna karatasi 187: hati za wakfu, mikataba ya kuuziana minazi, barua za jamaa waliohamia Unguja, na kurasa za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nimesomesha historia katika shule za upili kwa miaka mingi, na sasa naandika tasnifu kuhusu umiliki wa nyumba za mawe. Hata hivyo, kabla ya mafunzo haya njia yangu ya kuzishughulikia karatasi hizo ilikuwa kuzipiga picha kwa simu, kuziacha picha hizo zichanganyike na za harusi na maziko, kisha kuzitafuta kwa saa nzima kila nilipotaka kunukuu mstari mmoja. Nilipoliona tangazo la mafunzo ya mbinu na zana za kidijitali kwa watafiti wa taaluma za insia, tena yanayofanyika hapa hapa Lamu na si Nairobi, nililipa ada siku hiyo hiyo.

Ada ilikuwa shilingi 16,000, pamoja na chakula cha mchana; malazi kila mmoja alijitafutia. Tulikuwa washiriki 14: wanafunzi wa uzamili kutoka Mombasa na Malindi, wasomi wawili wa dini, msimamizi wa maktaba, mtafiti wa nyimbo za vugo, na maalim mmoja mzee kutoka Siyu ambaye alikuja na miwani, kofia na daftari lake, bila kompyuta, na ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeyapa mafunzo haya thamani kubwa kuliko mwingine yeyote. Darasa lilikuwa katika nyumba ya zamani ya mawe mtaa wa Mkomani, simu zetu zikichajiwa ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na masomo yakisimama kwa sala ya adhuhuri na ya alasiri. Waandaaji na wakufunzi sitawataja kwa majina, kwa kuwa baadhi ya niliyonayo ni malalamiko, nami nimekwisha kuwaeleza wao wenyewe.

Siku mbili za kwanza zilihusu kupiga picha nyaraka, na hizo nitazieleza kwa kirefu kwa sababu ndizo zilizofundishwa vizuri zaidi. Mkufunzi wa sehemu hiyo amefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, na siku ya kwanza hakufungua kompyuta hata mara moja. Alitutandikia kitambaa cheupe juu ya meza, akatugawia brashi laini, akatutaka tunawe mikono na kuikausha barabara. Wengi wetu tulitarajia glavu za pamba kama zinavyoonekana katika picha za majumba ya makumbusho. Alitueleza kwamba glavu hizo humnyima mtu hisia za vidole, na kwamba uzi wake huweza kunasa pembe ya karatasi iliyokwisha kuliwa na wadudu na kuing'oa; mkono safi na mkavu ndio salama zaidi kwa karatasi. Kisha alitutoa nje hadi kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, mahali ambapo mwanga wa saa nne asubuhi huingia bila jua kupiga moja kwa moja, akatuonyesha jinsi ya kuifunga simu juu ya kibao kilichochongwa na seremala wa mtaani, na jinsi ya kuweka pimamaji ya fundi mwashi kwanza juu ya meza, kisha juu ya simu, ili kioo cha kamera na ukurasa vilale sambamba. Katika kila picha tuliweka rula na kadi ya rangi pembeni, ili atakayeiona picha miaka 20 ijayo ajue ukubwa halisi wa ukurasa na aweze kusahihisha rangi zake.

Somo lililonigusa zaidi lilikuwa la mwanga. Ukimulika tochi kutoka ubavuni, karibu na usawa wa meza, huonekana mifereji myembamba ya mistari ambayo mwandishi aliikandamiza kwenye karatasi kabla ya kuandika. Ukiuinua ukurasa mbele ya dirisha, huonekana alama iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Niliinua hati moja ya wakfu ya nyumbani kwetu, hati ambayo nimeishika mkononi tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza niliona miandamo mitatu ya mwezi iliyopangwa kwa safu, mkubwa, wa kati na mdogo. Hiyo ni alama ya karatasi zilizotengenezwa Italia na kuuzwa kwa wingi katika nchi za Kiislamu. Simu yangu haikuweza kuinasa alama hiyo mpaka mwenzangu aliposhika shuka jeupe nyuma ya karatasi ili kuutawanya mwanga. Picha hiyo ninayo sasa, na imo katika orodha yangu pamoja na picha ya maandishi.

Baada ya picha tulifundishwa kuzipa majina na kuzipanga. Hapa walitumia Tropy, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2017 na kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, kituo kile kile kilichotupa Zotero, programu ya kuhifadhi marejeo, mwaka 2006. Tropy inamfaa mtafiti wa kawaida kwa sababu inafanya kazi ndani ya kompyuta yake bila intaneti, inaunganisha kurasa kadhaa kuwa waraka mmoja, na inampa nafasi ya kuandika kando ya picha ni waraka gani, umetoka kwa nani, na una hali gani. Mkufunzi alisisitiza kwamba jina la faili liwe na tarakimu zinazoanza na sufuri, 001, 002, 003, kwani bila hivyo mifumo mingine huupanga ukurasa wa 10 kabla ya ukurasa wa 2. Jambo dogo kama hilo lingeniokolea wiki nzima ya kazi laiti ningalilijua mapema.

Vilevile alitufanyia hesabu ambayo nadhani kila anayepanga mradi wa aina hii angepaswa kuifanya kabla ya kuomba fedha. Picha ya pikseli milioni 24, ikihifadhiwa kwa mtindo wa TIFF usiobanwa, huchukua megabaiti zipatazo 72. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 72, na hiyo ni nakala moja tu. Kanuni inayofuatwa na wahifadhi ni nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na moja kati yake ikae mahali pengine kabisa. Kwa mtu anayenunua bando la simu hapa Lamu, kupakia mzigo huo wote mtandaoni ni ndoto, kwa hiyo njia tuliyokubaliana ni diski mbili, moja ya nyumbani na nyingine kwa ndugu aliye Malindi au Mombasa, zibadilishwe kila anaposafiri mtu. Hewa ya chumvi haiharibu karatasi peke yake. Diski nazo huharibika.

Siku ya nne ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Mkufunzi wa pili, kijana hodari na mwenye adabu, alitufundisha OpenRefine, programu huria ya kusafisha majedwali ambayo ilianza mwaka 2010 kwa jina jingine, ikapita mikononi mwa Google, na sasa inaendelezwa na jumuiya ya watumiaji wake. Nayo inafanya kazi bila intaneti, jambo lililotufaa sana kwa kuwa mtandao ulikatika tangu asubuhi. Tulikuwa tumeyakusanya majina ya watu yaliyomo katika karatasi za washiriki wote, zaidi ya majina 300, na shabaha ilikuwa kuziunganisha tahajia mbalimbali za mtu mmoja: Abdalla, Abdallah na Abdulla, kwa mfano, au Omar na Umar.

Programu hiyo ina mbinu yake ya kwanza ya kukusanya maandishi yanayofanana, nayo inastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Hugeuza herufi kubwa zote kuwa ndogo, huondoa nukta na mikato, huyatenga maneno moja moja, huyapanga kwa alfabeti, huyafuta yaliyojirudia, kisha huyaunganisha tena. Maandishi mawili yakitoa matokeo yale yale, programu hupendekeza yaunganishwe. Kwa majina ya makampuni au ya vitabu, ambayo wakati mwingine huandikwa mbele nyuma, mbinu hii ni ya msaada mkubwa. Lakini katika majina yetu, mpangilio wa maneno ndio nasaba yenyewe. Ali bin Omar, yakishapangwa kwa alfabeti, huwa "ali bin omar". Omar bin Ali nayo huwa "ali bin omar". Na Omar bin Ali bin Omar, mjukuu aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi ya pwani yote, akishafutiwa maneno yaliyojirudia huwa "ali bin omar" vilevile. Baba, mwana na babu hugeuka kuwa mtu mmoja.

Mkufunzi alibonyeza kitufe cha kuunganisha, na idadi ya majina kwenye ukuta ikapungua mbele ya macho yetu. Baadhi yetu tulipiga makofi. Maalim wa Siyu aliinuka, akasogea hadi ukutani, akaweka kidole juu ya safu moja, na akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu ni baba, na huyu ni mwana. Si mtu mmoya." Mkufunzi aliiangalia safu ile kwa muda, kisha akajibu, "Nimekosa, maalim. Tafadhali tuelekeze." Programu ile huhifadhi kila hatua na huweza kuirudisha nyuma, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Mchana wote uliosalia maalim alisomesha na mkufunzi akawa anaandika. Tulilivunja kila jina katika safu za pekee: jina lake, jina la babake, jina la babu, ukoo, lakabu na mji. Tulikubaliana kwamba majina mawili yasiunganishwe mpaka angalau vitu vitatu vioane, na mmoja kati ya hivyo uwe ushahidi wa nje ya jina, kama vile nyumba, mke au shahidi aliyetia saini. Kwa tofauti za tahajia tulitumia mbinu nyingine ya programu ile ile, inayopima ni herufi ngapi zinazotenganisha neno na neno, na hiyo ilitufaa sana ndani ya safu moja moja. Mbinu za kulinganisha matamshi, zilizobuniwa kwa ajili ya lugha nyingine, hazikutusaidia.

Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kosa la aina hiyo halionekani baadaye. Katika tasnifu yangu, ni nani aliyeweka wakfu na ni nani aliyerithi ndiyo hoja yenyewe, na jedwali lililomchanganya baba na mwanawe lingetoa michoro mizuri, asilimia nadhifu, na historia ya uongo. Programu haikukosea, ilifanya ilivyoelekezwa. Waandaaji ndio waliopaswa kuijaribu kwa majina ya Kiswahili kabla ya kuja kuifundisha kwa watu wa Lamu.

Suala la majina lilijitokeza tena siku iliyofuata katika somo la Zotero. Programu hiyo ya kuhifadhi marejeo huanza na visanduku viwili, jina la ukoo na jina la kwanza, na mtu asiye mwangalifu humkata mwandishi wa karne ya 19 aitwaye kwa jina la babake na babu yake, akamweka chini ya babu kana kwamba hilo ni jina la familia. Mkufunzi alitangulia kutuonyesha kitufe kidogo kando ya jina kinachoyageuza masanduku mawili kuwa moja, ili jina likae zima kama mwenyewe alivyoitwa. Bila shaka funzo la jana lilikuwa limemkaa vyema. Nafasi ya bure ya kuhifadhi faili katika akaunti ya Zotero ni megabaiti 300, kwa hiyo picha za nyaraka zisiwekwe humo. Marejeo yenyewe ni mepesi na hayana tatizo.

Kuhusu tarehe, walitenga saa moja tu, na hiyo haikutosha. Karatasi zetu nyingi zina tarehe za Hijria, na mwaka wa Hijria hauingii ndani ya mwaka mmoja wa Miladia. Mwaka 1313 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Juni 24, 1895 na ukaisha Juni 1896. Mtu akiandika "1895" peke yake, mwaka ule ule ambao Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, huenda akaihusisha barua na tukio lililotokea miezi mingi kabla haijaandikwa. Isitoshe, programu ya majedwali ya Excel huhesabu tarehe kuanzia Januari 1, 1900, na za kabla ya hapo huzichukua kama maandishi tu. Tulishauriwa kuiandika tarehe ya Hijria kama ilivyo katika safu yake, kisha safu mbili za Miladia, ya mapema kabisa inayowezekana na ya mwisho kabisa. Huo ni ushauri mzuri, ila ulihitaji mazoezi.

Somo la kusomesha mashine maandishi ya mkono ndilo lililowavutia vijana zaidi. Walitumia Transkribus, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck nchini Austria, na wakaitaja pia eScriptorium, ambayo ni huria. Katika programu hizi mtafiti hunakili kwanza kurasa nyingi yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, ili mashine ijifunze mkono wa mwandishi, na kwa maandishi ya mkono kiasi kinachoshauriwa ni maneno kati ya 5,000 na 15,000. Sisi sote kwa pamoja tulikuwa na kurasa 11 zilizonakiliwa, kwa hiyo tuliyoyaona yalikuwa ni onyesho. Mkufunzi alikuwa mkweli juu ya hilo, na ninamshukuru.

Hata hivyo, lipo tatizo la ndani zaidi ambalo nilitamani lipewe nusu siku. Katika uandishi wa kale wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi be ilibeba b, p na mb. Dali ilibeba d na nd. Na kasra, alama ya irabu inayowekwa chini ya herufi, ilisimama mahali pa i na pa e. Basi neno lililoandikwa kwa be yenye kasra na dali yenye fataha, alama ya irabu a, laweza kuwa "penda" au "pinda", na hakuna mashine itakayoyatenganisha kwa kuangalia wino. Anayeyatenganisha ni yule anayejua vina vya ubeti na Kiamu chenyewe, lahaja ya Lamu, anayejua kwamba mshairi alisema "mato" na si "macho", "ndia" na si "njia". Wasomi wawili wa dini tuliokuwa nao walizisoma kurasa zangu kwa ufasaha huku sisi wengine tukisubiri mashine. Pendekezo langu ni kwamba unakili ufanywe katika safu mbili, moja ikifuata herufi kama zilivyo na nyingine ikiwa ni usomaji wa mtaalamu, ili mtu wa baadaye aweze kuupinga usomaji bila kuirudia picha upya.

Voyant, ya kuhesabu na kulinganisha maneno katika matini, ilichukua asubuhi moja. Tuliweka tenzi zilizokwisha kuchapwa kwa herufi za Kirumi, na maneno yaliyoongoza yakawa "na", "ya" na "wa", mpaka tulipotengeneza wenyewe orodha ya maneno ya kuachwa. Kisha ikadhihirika kwamba alisema, walisema, amesema na husema yanahesabiwa kama maneno manne yasiyohusiana. Kazi ya kuvunja vitenzi vya Kiswahili kwa kompyuta imekwisha kufanywa kwa miaka mingi, hasa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na kuna kongoo kubwa ya Kiswahili, yaani mkusanyo wa matini kwa kompyuta, iliyotokana na kazi hiyo. Haikutajwa hata mara moja, nami naliona hilo kuwa pengo kubwa katika mafunzo yanayofanyika kwa ajili ya watafiti wa Kiswahili.

Siku ya ramani ilikuwa dhaifu. QGIS ni programu nzuri, ya bure na yenye uwezo mkubwa, lakini haifundishiki kwa saa tano kwa watu ambao hawajawahi kuiona. Tulitumwa mjini na simu zetu kuchukua vipimo vya misikiti na nyumba, na katika vichochoro vyembamba vyenye kuta ndefu ishara za setilaiti zilipotoka, kiasi kwamba nukta tatu za kundi langu ziliangukia baharini. Hakuna aliyetuambia kabla kwamba hilo hutokea, wala jinsi ya kulirekebisha kwa kuketi na picha ya angani na mtu anayeujua mtaa. Isitoshe, hati zetu hazitaji vipimo. Husema kwamba nyumba imepakana kibla na nyumba ya fulani, na kwa upande wa bahari na njia ya kwenda kisimani. Kibla kwa mtu wa Lamu ni kaskazini, na jirani ni mpaka. Ilitupasa kufundishwa namna ya kuchora ujirani huo kwanza, kama mtandao wa nyumba zinazogusana, kabla ya kulazimisha kila nyumba iwe nukta.

Siku ya mwisho ilihusu haki na umiliki, na ilirudisha kiwango cha siku za mwanzo. Mfano uliotumiwa ni wa hapa kwetu: miswada ya Msikiti wa Riyadha, iliyopigwa picha kwa ufadhili wa mpango wa Endangered Archives wa Maktaba ya Uingereza, ambao masharti yake ni kwamba nyaraka asilia zisitoke nchini na nakala za picha zibaki pia kwenye taasisi ya nchi husika. Umuhimu wa sharti hilo la pili ulidhihirika Oktoba 2023, maktaba hiyo iliposhambuliwa kimtandao na huduma zake nyingi zikafungwa kwa miezi. Tulijadili pia Mukurtu, mfumo huria uliokua kutokana na mahitaji ya Wawarumungu wa Australia, unaomruhusu mwenye mali kuamua picha ipi ionwe na ukoo tu, ipi na wanawake tu, na ipi na ulimwengu mzima. Nililitafakari hilo kwa makini, kwa sababu katika kasha la bibi zimo karatasi za dua na za uganga wa kitabu ambazo yeye hakumwonyesha kila mtu, na zimo hati za mashamba. Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ilipofunguliwa mwaka 2021, hati ya ardhi katika Lamu si waraka wa historia pekee. Kuiweka mtandaoni bila kuwashauri warithi ni kuwatia watu katika kesi. Mkufunzi alitusomea vifungu vinavyohusika vya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, akatupa fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja. Fomu hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Msimamizi wa maktaba na mimi tuliitafsiri usiku ule ule, na sasa washiriki wote wanayo kwa Kiswahili.

Lugha, kwa jumla, ndilo lalamiko langu kubwa. Wakufunzi walizungumza Kiswahili vizuri, lakini slaidi zote na mazoezi yote yalikuwa ya Kiingereza, na maalim wa Siyu alilazimika kuketi karibu na mwanafunzi mmoja aliyemsomea. Tovuti ya Programming Historian, ambayo tuliagizwa kuendelea nayo nyumbani na ambayo kwa kweli ina masomo ya bure yaliyohakikiwa kwa uangalifu, ina matoleo ya Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kireno. Hapana sababu yoyote ya Kiswahili kukosekana katika safu hiyo, na watu 14 tuliokuwa Mkomani tunatosha kuanza kuyatafsiri masomo mawili matatu. Tumeanza na lile la kusafisha majedwali, na tumeongeza ndani yake sehemu ya majina ya nasaba.

Je, ningemshauri mwenzangu kuhudhuria? Ndiyo, na nitawashauri hasa wale ambao tayari wana karatasi, kanda au picha mkononi, kwa kuwa aliyekuja bila chochote aliondoka na majina ya programu tu. Aje na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi, aweke programu zote kabla ya kuvuka kutoka Mokowe, maana kupakua faili kubwa kwa mtandao wa darasani kulitupotezea asubuhi nzima. Awaulize waandaaji kama mada ya ramani imeongezewa siku. Na kama yupo mzee anayejua nasaba za mji wake, amlipie ada na aje naye. Waandaaji wameniambia kwamba awamu ijayo wanafikiria kumweka maalim miongoni mwa wakufunzi, na kumlipa kama wanavyolipwa wengine. Kwa hilo pekee ningelipa ada mara ya pili.

Mimi mwenyewe hadi leo nimekwisha kupiga picha na kuandikia maelezo karatasi 71 kati ya 187. Ya 72 ni barua kutoka Unguja ya mwaka 1313, na shangazi ameniomba nisiiandikie chochote mpaka arudi kutoka Malindi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwamba aliyeiandika alikuwa Omar yupi.